Taima za taa za banda la kuku wa mayai: ipi ya kununua ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Mwanjelwa ukaulizia taima ya banda la kuku, muuzaji atakuwekea mezani vitu vitatu vinavyouzwa kwa jina hilohilo: cha duara chenye pini, cha kioo chenye namba, na fotoseli, yaani kihisi cha mwanga. Cha kwanza ndicho cha bei ya chini, cha pili kimekizidi, cha tatu si taima hata kidogo. Hukumu tuitangulize: kwa kuku wa mayai nunua ya kioo yenye betri ndani. Ya pini inavumilika pale tu penye mtu wa kuikagua kila siku. Fotoseli usiifunge peke yake bandani hata ukipewa bure.

Ukali huu una sababu, nayo imo kichwani mwa kuku mwenyewe.

Saa iliyo ndani ya fuvu

Wafugaji wengi huamini kuwa taa ya banda ni ya kumwezesha kuku aone chakula usiku ale zaidi. Kula kumo, lakini kazi kubwa ni nyingine. Mwanga hupenya manyoya, ngozi na fuvu mpaka kwenye seli zilizo ndani kabisa ya ubongo, na seli hizo ndizo zinazoruhusu homoni za uzazi zitoke au zizuiliwe. Aliyelithibitisha hili vizuri ni Michael Menaker, mtafiti wa mfumo wa neva aliyefanya kazi yake ya mwanzo Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akitumia shomoro. Mwaka 1968 alionyesha kwamba shomoro aliyeondolewa macho bado anafuata ratiba ya taa. Mwaka 1970 yeye na wenzake wakachukua shomoro wenye macho mazima: wengine wakanyonyolewa manyoya ya kichwa, wengine wakawekewa wino mweusi chini ya ngozi ya kichwa. Chini ya mwanga hafifu, walionyonyolewa korodani zilikua. Waliowekewa wino hazikukua, ingawa macho yao yalikuwa yanaona. Upande wa uzazi, basi, jicho halikuwa na kauli.

Menaker na Suzanne Gaston walikuwa pia wameondoa tezi ya pineali ya shomoro, kijitezi kilicho ubongoni, wakawaweka kwenye giza la kudumu, na mpangilio wao wa kuamka na kutulia ukavurugika. Baadaye mwanafunzi wake Joseph Takahashi alichukua tezi hiyohiyo kutoka kwa kuku, akaiweka kwenye chombo cha maabara, ikaendelea kutoa melatonini, homoni ya usiku, kwa zamu za usiku na mchana ikiwa imetengwa na mwili. Takahashi ndiye aliyekuja kuongoza kundi lililoitambua jeni ya Clock ya panya, mojawapo ya zile zinazoendesha saa ya mwili, katika miaka ya 1990. Menaker alifariki mwaka 2021, akiwa ametumia zaidi ya nusu karne kwenye swali moja: kiumbe anajuaje saa ngapi?

Kwa mfugaji wa Uyole jibu lina faida ya trei kwa trei. Yai huchukua takriban saa 25 kutengenezwa, na karibu saa 20 kati ya hizo ni za kujengewa ganda. Kiini kinachofuata huachiliwa kama nusu saa baada ya yai kutagwa, lakini homoni inayokiachilia hutoka tu katika dirisha la saa chache za usiku. Kwa kuwa yai linazidi siku moja kwa muda mfupi, kuku hutaga akichelewa kidogo kila siku mpaka anapitwa na dirisha, anaruka siku moja, anaanza upya. Dirisha hilo hupangwa na giza linapoingia na mwanga unaporudi. Taa ikihama leo saa moja na kesho saa mbili, dirisha linahama nayo, na kundi zima linataga ovyo.

Hata jogoo yuko hivyo. Mwaka 2013 Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya walionyesha kuwa jogoo aliyewekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika huendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24. Jogoo wa kwanza hangoji kuona alfajiri.

Mchana wetu haumtoshi

Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi na kuzama saa 12:35 jioni, yaani mchana wa saa 11 na dakika 36 hivi. Mwishoni mwa Desemba linachomoza saa 12:25 na kuzama muda mfupi baada ya saa 1 usiku: saa 12 na dakika 38. Iringa jua linatangulia kwa kama dakika 10, urefu wa mchana ni uleule kwa tofauti ndogo. Kuku wa mayai anayetaga anahitaji saa 14 hadi 16. Pengo ni la saa 1 na ushee hadi 4 na ushee, kutegemea mwezi.

Hapa tuna bahati ambayo vitabu vya Ulaya haviisemi. Kule mfugaji anabadilisha taima kufuata majira, kwa sababu mchana wa Juni ni karibu mara mbili ya ule wa Desemba. Kwetu tofauti ni ya kama saa 1 tu kwa mwaka, kwa hiyo ratiba moja inatosha, usiiguse tena:

Asubuhi washa 04:00, zima 07:30.
Jioni washa 18:00, zima 20:00.

Hizo ni saa 16 kamili za mwanga na saa 8 za giza. Taa inapishana na jua kwa makusudi, ili asubuhi ya ukungu wa Uporoto au wa Njombe isiwe pengo. Saa 10 alfajiri kwenye taima ni 04:00. Wako wanaoweka 10:00 kwa mazoea ya kuhesabu saa zetu, na kosa hilo halijionyeshi, kwa kuwa saa 4 asubuhi kumekucha na hakuna anayetazama kama balbu inawaka.

Mitetea usiirukishe moja kwa moja mpaka saa 16. Wiki ya 18 washa 06:00 asubuhi na uzime 19:00, ambayo ni saa 13. Kila wiki rudisha asubuhi nyuma kwa nusu saa: 05:30, 05:00, 04:30, 04:00. Wiki ya 23 sogeza jioni hadi 19:30, ya 24 hadi 20:00. Kabla ya kuanza, pima uzito wa kuku 20 hivi kwa mizani. Aina za kahawia zikiwa chini ya kilo 1.4 subiri wiki nyingine. Mtetea anayesukumwa na mwanga kabla mwili haujakomaa huanza na mayai madogo, na wengine kizazi hutoka nje, wenzake wakamdonoa hadi kufa. Akishaanza kutaga, usipunguze mwanga kamwe. Kupungua kwa mwanga mwili wake unakusoma kama mwisho wa msimu wa kuzaa: anaacha kutaga na kunyonyoka manyoya.

Taima ya pini

Ina duara la saa 24 lenye pini 96, kila pini dakika 15. Unapanga pini za muda unaotaka, unazungusha duara hadi saa ya sasa ikutane na mshale, unachomeka. Mtu asiyependa vitufe anaielewa kwa dakika moja, na ukiitazama unaona ratiba yote kwa mara moja. Angalia mchoro wa kifaa chenyewe: nyingine pini iliyobonyezwa ndiyo huwasha, nyingine kinyume chake.

Ubaya wake umo ndani. Duara linazungushwa na mota inayoendeshwa na umeme wenyewe, kwa mwendo wa mawimbi 50 kwa sekunde. Umeme ukikatika duara linasimama. Ukirudi linaendelea pale liliposimama. Umeme ukikosekana saa 3, ratiba yako sasa ni 07:00 hadi 10:30 na 21:00 hadi 23:00. Fuatilia maana yake bandani: asubuhi taa inawaka juani, haina kazi. Jioni giza linaingia saa 12:35, kuku wanapanda vichanja, kisha saa 3 usiku taa inawaka ghafla kwa saa 2. Mchana wa saa 16 umeshuka hadi 12, na usiku umekatwa vipande. Umeme ukikatika tena kesho, ratiba inahama tena. Kifaa hiki kinafanya kile ambacho saa ya kuku haiwezi kukivumilia, na kinakifanya kimyakimya.

Zipo za pini za kufunga kwenye reli ya boksi la umeme ambazo zina betri ya akiba. Hizo ni jamaa nyingine, nzuri tu. Zile za kuchomeka ukutani kwa kawaida hazina.

Ukiwa nayo tayari, itumie hivi: kila asubuhi linganisha mshale na saa ya simu, na baada ya kila kukatika zungusha duara kufuata mshale wa mwelekeo uliochorwa juu yake, si kurudi nyuma, maana giabosi ya plastiki huvunjika meno. Hakikisha swichi ndogo ya ubavuni iko upande wa saa, haiko upande wa kuwaka daima. Swichi hiyo hubonyezwa na kiwiko, taa zikakesha siku kadhaa kabla ya mtu kustuka.

Taima ya kioo

Hii ndiyo tunayoipendekeza, ya kuchomeka au ya kufunga kwenye boksi. Ina betri ndogo inayotunza saa umeme ukikosekana, kwa hiyo ukirudi saa 11 alfajiri, taa inawaka saa 11 alfajiri ileile ya kweli. Kuku wamepoteza saa 1 ya mwanga siku hiyo, hakuna kilichohama. Usijaribu kuwafidia kwa kuwasha zaidi usiku unaofuata.

Ichomeke kwanza ipate chaji kwa saa kadhaa kabla ya kuipanga, kwani hutoka dukani ikiwa tupu. Kisha bonyeza kitufe cha kufuta kumbukumbu kwa ncha ya kalamu, weka siku na saa, ingiza programu ya kwanza ya kuwasha na kuzima, halafu ya pili. Programu nyingine ziache tupu.

Mitego ipo minne, na yote huleta lawama kwamba kifaa ni kibovu wakati kizima. Wa kwanza ni kundi la siku. Kila programu huuliza iwake siku gani, na ukibonyeza kwa haraka unaweza kuiacha Jumatatu hadi Ijumaa. Kuku hawana wikendi. Chagua siku zote saba. Wa pili ni saa ya majira ya joto ya Ulaya: kwenye nyingi, kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja husogeza saa mbele kwa saa 1 na alama ndogo hutokea pembeni ya kioo. Wa tatu ni hali ya kuwasha ovyo ovyo, iliyokusudiwa kudanganya wezi kwamba nyumba ina watu, mara nyingi huonyeshwa kwa herufi R. Ukiiona, izime. Wa nne ndio unaowachanganya hata mafundi: kwenye aina nyingi, ukitoka ON kwenda AUTO taa hubaki zinawaka mpaka muda wa kuzima ufike, na ukitoka OFF kwenda AUTO hubaki zimezimwa mpaka muda wa kuwasha. Ukimaliza kupanga mchana, pitia OFF ndipo uende AUTO.

Baada ya miaka kadhaa betri ya ndani huchoka, na hapo kifaa kinakuwa hatari kuliko cha pini, kwa sababu umeme ukikatika kinasahau kila kitu. Chomoa mara moja kwa miezi michache, subiri robo saa, tazama kama kioo bado kinaonyesha saa.

Fotoseli na soketi janja

Fotoseli huwasha giza likiingia na kuzima kukikucha. Maana yake ni mwanga wa saa 24, bila dirisha la usiku la kupangia kutaga, na kuku wasiolala hudonoana. Ikifungwa mfululizo na taima inaokoa umeme kidogo asubuhi zenye jua, basi. Mwanga wa balbu usiielekee, la sivyo itawaka na kuzima kama taa ya gari linalokata kona.

Soketi janja za Wi-Fi ni nzuri mjini Iringa penye intaneti ya kudumu. Baadhi baada ya umeme kurudi huhitaji mtandao ili kujua saa. Shambani Ilembula au Mbozi, achana nazo.

Kufunga

Taima isikae bandani. Amonia ya kinyesi hula shaba, na vumbi la maranda, hasa yale laini ya mbao za misonobari yanayotoka viwandani Mafinga, huingia kwenye duara na kwenye vitufe. Ifunge stoo ya chakula, usawa wa macho. Waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampea 6 vinatosha kwa balbu chache. Ampea 16 zilizoandikwa juu ya taima ni za pasi au hita. Balbu za LED huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo zinapowaka, kwa hiyo ukiwa na balbu dazeni kadhaa mwambie fundi aweke kontakta, swichi kubwa inayoendeshwa na taima.

Msimamie fundi akate laivu, asikate nyutro. Nyutro ikikatwa, LED nyingi hubaki na mng'ao hafifu hata zikiwa zimezimwa, na usiku wako wa saa 8 unakuwa si giza.

Balbu

Lengo ni laksi 10 hadi 20 kwenye kichwa cha kuku akiwa kwenye chombo cha chakula. Banda la upana wa mita 4 hadi 5 linatoshwa na mstari mmoja wa LED za wati 9, zenye lumeni 800 hivi, kila mita 3, mita 2 juu ya sakafu. Banda la mita 12 ni balbu 4. Zikiwaka saa 5 na nusu kwa siku zinakula uniti 0.2 ya LUKU, yaani uniti 6 kwa mwezi. Ukiweza kusoma gazeti bila shida ukiwa umechuchumaa kwenye kona yenye kiza zaidi, inatosha. Kuzidisha hakuleti mayai, kunaleta kudonoana.

Chagua rangi ya joto, Kelvini 2700 hadi 3000. Ina wekundu mwingi, na mwanga mwekundu ndio unaopenya fuvu vizuri zaidi. Nyeupe kali ya 6500 inafanya kazi, lakini sehemu kubwa ya bluu yake haifiki ndani. Futa vumbi kila wiki mbili kwa kitambaa kikavu, taa zikiwa zimezimwa.

Kasoro moja ambayo hakuna taima kati ya hizi inayoitibu: zote huzima kwa mkato. Kuku waliokuwa chini saa 2 usiku hubaki hapo, hurundikana pembeni kujikinga na baridi ya Juni na Julai, na wa chini hukosa hewa. Weka balbu ya wati 3 karibu na vichanja, kwenye taima ya pili, ichelewe kuzimika kwa dakika 20 hadi 30.

Ukitumia sola

Taima ya volti 220 haifanyi kazi kwenye volti 12. Ulizia ya DC. Kidhibiti cha chaji chenye kipengele cha kuwasha saa kadhaa baada ya machweo hakitoshi, kwani mara nyingi hakina asubuhi. Balbu 4 za wati 5 kwa saa 5 na nusu ni wati-saa 110. Betri ya volti 12 na ampea-saa 40, ukiitumia nusu tu isiharibike, inabeba usiku 2, na paneli ya wati 50 inairudisha siku yenye jua la wastani. Masika ya Rungwe yanahitaji paneli kubwa zaidi ya hapo.

Kabla ya kulaumu taima

Mayai yakianza kuokotwa jioni, ratiba imehama. Kuku wakinyonyoka manyoya shingoni huku mayai yakishuka, mwanga umepungua, tafuta balbu iliyoungua au programu iliyofutika. Idadi ikishuka ghafla kwa siku moja na mayai yana maganda laini au yamejikunja, acha taima, mwite mtaalamu wa mifugo. Na maji yakikosekana nusu siku tu, hakuna taa itakayoyarudisha mayai ya kesho.

Dukani, usiondoke bila kufanya jambo hili: mwambie muuzaji aichomeke taima ya kioo kwa dakika 10, weka saa, chomoa, zungukia bidhaa nyingine, kisha rudi uangalie kioo. Kikiwa kimefutika, omba nyingine ijaribiwe hivyohivyo, na risiti iandikwe aina ya kifaa, isiandikwe "vifaa vya umeme".